Kengele Ililia, Mtoto Akanyamaza

Kuna siku moja ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo, mwanangu. Wiki iliyopita uliponizungusha kwenye nyumba yako mpya kule Lubaga, ukinionyesha king'ora, kamera, nyaya za umeme juu ya ukuta na geti linalofunguka kwa kubonyeza, siku hiyo ilinirudia nzima nzima. Uliniuliza, mbona mama umenyamaza? Nikakwambia magoti yananiuma. Magoti yananiuma kila siku na hayajawahi kunifunga mdomo, kwa hiyo ungejua tu kwamba nakudanganya.

Sasa kaa nikusimulie. Usiangalie simu. Ukiangalia simu nitaanza upya, na wewe unajua kwamba nikianza upya narefusha.

Ilikuwa enzi za wanajeshi, miaka michache baada ya Wahindi kufukuzwa. Tuliishi Kamwokya, mimi, baba yenu, na kaka yako Otim ambaye alikuwa bado mchanga wa kubebwa mgongoni. Otim unamjua, juzi tu alikuwa hapa anamaliza chai yangu, kwa hiyo usihangaike, hakufa. Lakini mimi siku ile sikujua kwamba hatakufa. Nataka ulikumbuke hilo ninaposimulia, maana watu wakishajua mwisho wa jambo huwa wanacheka woga wa wenzao.

Baba yenu alikuwa fundi umeme kwenye feri za kubeba mabehewa pale bandari ya Port Bell. Alikuwa akienda ziwani siku kadhaa, anarudi ananuka dizeli, analala, anaondoka tena. Mimi nabaki na mtoto. Na Kampala ya wakati ule, mwanangu, haikuwa ya kumwacha mke na mtoto ukalala usingizi. Kulikuwa na kondo, hao majambazi wenye bunduki ambao walikuwa hawasubiri giza. Walikuwa wanakuja jioni watu wakila, au hata mchana. Mwalimu mmoja wa mtaa wa pili walimkuta anaosha gari lake mlangoni, wakaondoka na gari na uhai wake. Mkewe alikuwa ndani anakaanga vitunguu, na baadaye aliniambia kwamba kilichomtoa nje ni kusikia gari linawaka bila mumewe kumuaga.

Halafu walikuwepo wale wengine, wa miwani nyeusi na gari lisilo na namba, wanaomtia mtu kwenye buti na hamumuoni tena. Mwizi alivaa magwanda ya jeshi ili aogopwe, na mwanajeshi naye alikuwa anaiba. Ukigongewa mlango hukujua umfungulie nani na umfungie nani. Na baba yenu jina lake na sura yake vilimtaja alikotoka, kaskazini, na watu wa kwao walikuwa wanakamatwa makazini. Gari likipunguza mwendo karibu na nyumba yetu, tulikuwa tunaacha kutafuna. Nakwambia kweli, tonge liko mdomoni na hulimezi mpaka gari limepita.

Kwa hiyo simlaumu baba yenu kwa kuogopa. Alikuwa akisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi nikaona kasema kweli. Tukaanza kujenga.

Sasa ngoja nikueleze nyumba ilikuwaje kabla. Kati yetu na jirani yetu palikuwa na ua wa michongoma, na katikati ya ule ua palikuwa na mwanya. Jirani mwenyewe ni Mama Safi, Mkongo kutoka Bukavu, mjane, anauza samaki wakavu sokoni. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na maneno hayamuishi. Kila jioni mmoja wetu aliwasha sigiri yake, jiko lake la mkaa, nje, pale pale penye mwanya, na mwenzake akaja na kipande cha bati kuomba kaa la moto. Leo anaanza yeye, kesho mimi. Makaa yalikuwa ghali kuyapata na kiberiti kilikuwa kinapotea madukani, lakini hata vingekuwepo tungefanya hivyo hivyo. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tulikuwa tunapika huku tunaongea, mtoto wangu yuko mgongoni mwake na yeye anapepea moto wangu. Alimjua Otim kuliko baba yake alivyomjua. Akilia, Mama Safi alikuwa anasema kutoka upande wake wa ua: huyo ni njaa, au huyo ni tumbo, au huyo ni ujeuri wa baba yake tu, mwache.

Baba yenu akauona ule mwanya kwa jicho lingine. Akasema mlango wa kondo ndio huo. Aliporudi kutoka ziwani akang'oa michongoma yote akajenga ukuta wa matofali, na juu yake akapanda vipande vya chupa kwenye saruji mbichi. Mimi ndiye niliyemshikia karai. Madirisha akayawekea nondo zilizochomelewa moja kwa moja, hata paka alikuwa anapata taabu. Mlango wa nyuma akaupigilia misumari kabisa. Mlango wa mbele akautengenezea vyuma viwili ukutani, na jioni tukawa tunapitisha mtaimbo wa chuma katikati, mzito kiasi kwamba nikiwa peke yangu niliuinua kwa kuuegemeza begani.

Na mwisho wa yote akaleta kengele. Ilikuwa kengele ya hatari ya chumba cha mashine, imetolewa kwenye feri, imetupwa kwa sababu ya kutu. Akaisugua, akaifunga chini ya paa kwa nje, akaiunganisha na betri ya gari na kitufe kando ya kitanda chetu. Siku aliyoijaribu, mwanangu, nilidhani dunia imepasuka. Kuku walipanda juu ya choo. Otim alipiga kelele hadi akawa mweusi, na kengele iliponyamaza yeye hakunyamaza. Mama Safi alizunguka barabarani, maana mwanya ulikuwa haupo tena, akafika mlangoni amebeba mchi wa kinu, tayari kumvunja mtu kichwa. Baba yenu akacheka sana. Mama Safi hakucheka. Alimchukua mtoto akambembeleza, akamwambia baba yenu kwamba hiyo kitu yake itamuua mutoto kwa woga kabla kondo hajafika. Akarudi kwake kwa kuzunguka.

Baada ya hapo kengele ililia mara nyingine bila sababu. Kuna paka aligusa waya, kuna siku maji ya mvua yaliingia. Na kila mara Otim alilia nayo, kwa kilio kile kile kirefu cha kukata pumzi. Majirani wakazoea hivyo, kwamba kengele ya kwa Mama Otim ikilia, mtoto naye analia. Wengine walinuna. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba mtu mwenye ukuta, chupa na kengele lazima ana sukari ya magendo chini ya kitanda. Sisi chini ya kitanda tulikuwa na viatu na beseni la kuogea.

Jambo moja hatukulifikiria. Zamani mtu akivamiwa alipiga yowe, Waganda wanaita nduulu, na kila aliyesikia alilazimika kutoka na kuipokea, akapiga na yeye, ikaenda nyumba hadi nyumba. Asiyetoka alishukiwa. Enzi zile za wanajeshi hata nduulu ilikuwa imeanza kufa, lakini angalau ilikuwa ni sauti ya mtu unayemjua. Kengele ni ya nani? Kengele ilikuwa ya benki, ya kambi, ya wakubwa. Ikilia, mtu mwenye akili alizima taa yake na kuingia uvunguni. Tulikuwa tumejitengenezea kitu cha kuwaambia majirani zetu wajifiche.

Siku yenyewe sasa. Baba yenu alikuwa ziwani. Mvua ilianza alasiri, ile mvua ya Kampala isiyo na adabu, ikapiga mabati mpaka ukiongea hujisikii. Mchana wa siku hiyo palipita gari polepole, likarudi tena polepole. Pengine lilikuwa limepotea njia. Lakini mimi sikungoja kujua. Nikafunga mapema kuliko siku zote. Nikapitisha mtaimbo. Nikafunga madirisha ya vioo kwa sababu ya mvua, nikaziba matundu ya hewa juu ya mlango na dirisha kwa magunia ili mwanga wa taa usionekane nje. Na maharage yalikuwa hayajaiva. Kama mwanya ungekuwepo ningepika barazani kwa Mama Safi, kwenye kona yake isiyovuja. Mwanya haukuwepo. Nikaiingiza sigiri ndani.

Utasema, mama, ulikuwa hujui? Sote tulijua kwamba moshi ni mbaya. Lakini makaa yakishawaka vizuri hayana moshi, yana ule wekundu mzuri tu, na chumba kinapata joto, na mtoto analala. Maharage yanataka muda. Nikakaa kitandani nasikiliza gari.

Kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni woga. Kikazidi, nikasema ni njaa. Mwanangu, kila dalili niliyopata niliipa jina la kitu kingine, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa nje, inamngojea kondo. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye mlango, na kilichokuwa kinaniua kilikuwa kinachemsha maharage yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, tulikuwa tunaimba tu shuleni.

Kilichonishtua ni Otim. Nilimgusa nimgeuze, mkono wake ukaanguka. Nikamwita. Nikampiga kofi dogo mguuni. Shavu lilikuwa na wekundu wa ajabu, kama mtoto aliyepakwa kitu, na kichwa kilikuwa kinakwenda nilikokipeleka. Nikasimama ili nifungue mlango na miguu ikanikataa. Nilianguka pale pale. Nikatambaa hadi mlangoni, nikashika ule mtaimbo, nikausukuma kwa kiganja, kwa bega, kwa kichwa. Haukutikisika. Nilikuwa nimeufunga mimi mwenyewe na sikuwa tena na nguvu za yule aliyeufunga. Mlango wa nyuma una misumari. Madirisha yana nondo. Nikawaza, huyu mtoto atafia hapa na mimi ninamtazama.

Nikarudi kwa kutambaa, nikabonyeza kitufe.

Kengele ikalia. Ililia kuishinda mvua. Ililia na mimi nimelaza kichwa sakafuni, nasubiri hatua za watu. Hakuna aliyekuja. Baadaye majirani waliniambia ukweli bila kuona haya, na mimi sikuwa na haki ya kuwalaumu. Walisema walisikia vizuri sana. Walizima taa. Mmoja aliwafunika wanawe blanketi wote pamoja. Mama Safi mwenyewe aliingia chini ya kitanda chake, na kwa unene wake ule, alisema, alikwama.

Lakini pale chini ya kitanda akaendelea kusikiliza. Na hili alilolisikia nakuomba ulishike kuliko yote nitakayosema leo. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha Kongo, na mimi sitaki kukirekebisha:

"Kengele inalia, inalia, na mutoto halii. Siku zote kengele ikilia mutoto analia. Nikasema apana. Kama ni kondo, mutoto angelia sana. Kule kuna kitu ingine."

Akajikwamua, akachukua mchi wake na gunia la samaki. Hakuzunguka barabarani, aliona ni mbali. Aliweka benchi la kufulia kando ya ukuta, akapanda juu yake kwenye mvua, akatupa gunia juu ya zile chupa, akajivuta. Gunia liliteleza. Chupa alizozipanda baba yenu kwa ajili ya kondo ziliingia kwenye kiganja cha Mama Safi. Akaangukia upande wetu, akainuka.

Mimi nilisikia kioo cha dirisha kikivunjika, nikadhani ndio hao wameingia. Hata pale, mwanangu, hata pale, nilimwogopa kondo. Kisha nikamwona anaingiza mkono katikati ya nondo, anang'oa gunia nililozibia, na damu inatiririka ukutani ndani ya nyumba yangu. Hewa ikaingia. Hewa ya mvua, baridi. Akawa ananiita kwa sauti ile ya kuamsha mtaa: mlete mutoto, mlete hapa, mlete. Sikujua kwamba ninaweza kusimama mpaka aliponiita.

Nikamnyanyua Otim mpaka dirishani. Nondo zilikuwa karibu karibu mno, kichwa cha mtoto hakipiti. Nikamwegemeza uso pale penye nafasi, mdomo wake nje, mwili wake ndani. Mama Safi akawa anamsugua kifua kwa mkono ule mzima, anamwagia maji ya mvua usoni kwa ule mwingine, damu na maji pamoja, anamwita majina yote aliyompa tangu azaliwe. Sijui ilichukua muda gani. Mimi nilikuwa naomba. Nilimwomba Mungu wa baba yenu na Mungu wangu, nikijua ni yule yule mmoja, lakini sikutaka kukosea.

Halafu Otim akakohoa. Akavuta pumzi kwa sauti mbaya, kama anakwaruzwa koo, akalia. Kilio kidogo, chembamba. Mama Safi naye akageukia barabara akapiga nduulu, akataja jina lake mwenyewe, akasema hakuna kondo hapa, ni mtoto, tokeni. Ndipo watu wakatoka. Taa moja, taa nyingine, mpaka uwanja ukajaa. Wanaume walijaribu kuvunja mlango wetu wakashindwa, baba yenu aliujenga vizuri kweli. Mwishowe ni mimi niliyeuinua ule mtaimbo, nikiwa nimepata hewa, huku wenzangu wananielekeza kwa nje kama mzazi anayezaa.

Maharage yaliungua yote. Nalisema hilo kwa sababu kuna mama mmoja pale uwanjani alilisikitikia kwa sauti, na tukacheka, na kicheko kile kilinigeuka kilio na sikuweza kukizuia.

Baba yenu aliporudi kutoka ziwani, nilikuwa nimemwita Shangazi Amina. Huyu ndiye dada ya baba yangu aliyenilea kwenye kambi ya polisi baada ya mama kufariki, mjane wa sajini wa polisi, mwanamke aliyekaa kimya tu na watoto wote wa kambi wakanyoosha migongo. Sasa unajua desturi za ukwe. Shangazi kwa baba yenu ni mama mkwe, hawezi kumkalia uso kwa uso na kumkemea. Ni aibu kwa wote wawili. Kwa hiyo alifanya hivi: alichukua kiti chake, akakiweka uwanjani, akamgeuzia baba yenu mgongo, akaukabili ukuta. Akaanza kuusemesha ukuta. Baba yenu alisimama nyuma yake ameshika kofia, mtu mzima, fundi, anasikiliza.

Aliuambia ukuta kwamba ameushangaa. Kwamba umejengwa kuzuia wabaya na mtu pekee uliyemzuia ni mwema. Aliusifu kwa unyoofu wake. Akauliza zile chupa kama zimeshaonja damu ya kondo hata mmoja. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno yake, sijayapunguza:

"Ewe ukuta, mwambie mwenye nyumba kwamba sikatai hofu yake. Mimi nimezika watu enzi hizi. Lakini mwambie, nyumba ambayo mwenyewe hawezi kutoka ina jina lake, na marehemu mume wangu alipeleka watu wengi huko. Mwambie pia kwamba kengele haimwiti mtu. Anayemwita mtu ni mtu. Amuulize mkewe ni nani aliyekuja."

Baba yenu alikwenda kwa Mama Safi, kwa kuzunguka barabarani, akapiga magoti mlangoni kwake kama wapigavyo magoti wanawake wa Kiganda, mwanamume wa kaskazini yule, sijamwona akifanya tena. Mama Safi akamwambia ainuke, anamchafulia baraza kwa dizeli.

Kile kiganja hakikupona sawasawa. Vidole viwili havikukunjika tena. Mtu wa kufunga mafungu ya samaki kwa kamba siku nzima anahitaji vidole vyote, na yeye kuanzia siku ile alikuwa anashika kamba kwa meno. Nilikuwa nikienda sokoni asubuhi kumfungia kabla wateja hawajaja. Hakunitupia hilo hata mara moja. Lakini nilikuwa ninaviona vile vidole kila siku, mpaka vita ya kuwaondoa wale wanajeshi ilipokuja na akarudi kwao.

Baba yenu alitoboa ukuta, akaweka mlango mdogo wa mbao wenye komeo pande zote mbili. Nondo za dirisha moja akazikata, akazirudisha kwa bawaba na kufuli la ndani, ufunguo ukaning'inia kwenye msumari ambao hata mtu wa kutambaa angeufikia. Mtaimbo akaubadilisha na mwepesi. Kengele hakuitoa, na Shangazi hakumwambia aitoe. Alizunguka nyumba kwa nyumba akawaeleza watu: ikilia, ni sisi, na sisi tukisikia yowe lenu tutatoka. Wengine walimwahidi kwa mdomo tu. Wengine walitoka kweli, siku moja kondo walipofika kwa fundi cherehani wa upande wa chini, majambazi wakakuta mtaa mzima umesimama na michi na mapanga, wakapita kama watu waliokuwa na safari yao.

Sasa mwanangu, nimesema vya kutosha kuhusu zamani. Nakuja kwako. Usinielewe vibaya, weka king'ora chako. Weka kamera, weka taa za nje, fuga mbwa ukitaka, na usimwambie kila mtu ulichonacho ndani. Tahadhari kabla ya hatari, na wezi hawajaisha Kampala. Lakini kesho mwite fundi akutengenezee dirisha moja linalofunguka kwa ndani bila ufunguo wa kutafutwa, kwenye chumba wanacholala watoto. Wafundishe kulifungua wakiwa wamefumba macho. Lile geti lako la kubonyeza, niliuliza umeme ukikatika linafunguliwaje, ukasema kuna namna. Mkeo anaijua hiyo namna? Dada wa kazi anaijua? Usizibe matundu ya hewa kwa sababu yoyote ile, na jiko la mkaa likae nje hata kama inanyesha mawe. Ukipata woga, tazama kwanza ndani kabla hujatazama nje, maana woga unamgeuza mtu shingo upande mmoja.

Na wale majirani zako. Nilikuuliza jina la mtu wa upande wa kulia, ukaniambia "mama, kuna ukuta." Niliuona ukuta. Nilikuuliza jina. Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, na huyo ndugu wa mbali ndiye mimi, siwezi kuruka ukuta kwa magoti haya. Nenda ukamsalimu. Mpelekee hata ndizi. Mwache awasikie wanao wakilia na wakicheka, mpaka ajue kilio cha njaa na kilio cha ujeuri. King'ora chako kitalia siku moja, kwa wizi au kwa paka, na atakayekisikia ataamua kama atoke au ajifunike. Hataamua kwa ajili ya king'ora, mwanangu. Ataamua kwa ajili ya wanao, kama anawajua.

Mungu aliyemrudishia kaka yako pumzi aizunguke nyumba yako pande zote nne. Amgeuzie mbaya njia kabla hajafika getini kwako. Akupe usingizi, na watoto wenye kelele, na jirani mwenye masikio. Na siku yeye akikuita, Mungu akupe miguu ya kutoka.